Anza na tundu: mwongozo kamili wa kuchunguza ushanga wa jiwe wa kale

Fomu za shanga zinazorudi mezani kwangu zina kosa lile lile. Kwenye nafasi ya jiwe pameandikwa "akiki nyekundu", kwenye nafasi ya asili "India", na kwenye nafasi ya tundu pameachwa wazi au pameandikwa neno moja: "lipo". Nikimwuliza aliyejaza amejuaje kwamba ni India, jibu ni rangi.

Rangi haina uwezo huo. Wekundu wa akiki mara nyingi ulipatikana motoni, si mgodini. Madini ya chuma yaliyomo ndani ya jiwe la manjano au kahawia yakipashwa moto taratibu hugeuka mekundu, na mafundi wa Khambhat huko Gujarat, India, wanalijua hilo tangu enzi za mababu: mawe huanikwa juani, kisha hupikwa vyunguni kwa moto usio na haraka. Fundi wa kwingine kokote mwenye jiwe la aina hiyo na chungu angeweza kufanya vivyo hivyo.

Tundu ni habari nyingine. Kila kifaa cha kupekecha huacha alama zake ndani ya jiwe, mahali ambapo mng'arishaji hakufika na jicho la mnunuzi halikuona. Hapo ndipo fundi hakuwa na sababu ya kuficha kitu.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, anayejitolea kwenye machimbo, au mtunza makumbusho mwenye shanga za mawe zilizochimbuliwa kwa kibali na zenye namba za mahali zilipotoka. Ushanga wa kwanza utakuchukua saa mbili au tatu. Usikimbie.

## Vifaa

- Lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10, na darubini ya mezani ya kukuza mara 20 hadi 60. Darubini ya shuleni yenye macho mawili inatosha.
- Tochi ndogo yenye mwanga mkali mwembamba. Hii ni muhimu kuliko darubini ya bei kubwa, kwa sababu mikwaruzo huonekana kwa mwanga wa ubavuni tu.
- Kalipa ya plastiki. Ya chuma huacha mistari ya kijivu juu ya mawe laini.
- Mizani inayosoma hadi gramu 0.01, kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, na uzi mwembamba wa nailoni.
- Silikoni ya kuchukulia chapa za meno, ile nyepesi inayotiririka, pamoja na midomo yake myembamba.
- Sponji lenye vishimo vya kulaza ushanga, trei yenye kingo, penseli, fomu, na kamera yenye skeli.

Glavu siziorodheshi makusudi. Ushanga uliong'arishwa huteleza kwenye glavu. Mikono misafi mikavu juu ya trei yenye kingo ni salama zaidi.

Na neno moja kabla ya kuanza: kama ushanga wako uliokotwa tu au ulinunuliwa kwa mtu, usiendelee kama vile ni wako wa kuchunguza. Nchi nyingi zina sheria za mambo ya kale, na tangu mwaka 1970 upo mkataba wa UNESCO dhidi ya biashara haramu ya urithi. Upeleke kwa mamlaka husika na useme ulipoutoa. Ushanga usiojulikana ulitoka tabaka gani la udongo umepoteza nusu ya maelezo yake, hata ufanyiwe vipimo gani.

## Hatua ya 1: Usiuoshe

Nafahamu hamu ya kuuona ukimeta. Vumilia. Ndani ya tundu huenda kuna nyuzi za kamba, utomvu, vumbi jekundu la udongo wa rangi, au unga wa kitu kilichotumika kupekechea. Brashi moja na maji kidogo huviondoa vyote.

Utazame kwanza ukiwa na udongo wake. Elekeza tochi kwenye tundu la upande mmoja, tazama kwa lenzi kutoka upande wa pili. Ukiona nyuzi au kitu chenye rangi tofauti na udongo wa pale, simama hapo, piga picha, mwite mhifadhi.

Kama hakuna kitu, ondoa udongo uliolegea kwa kijiti cha mianzi kilicholainishwa ncha, na uuhifadhi kwenye kimfuko chenye namba ya ushanga. Sindano, waya na pini visiguse tundu hata mara moja. Mkwaruzo wa sindano unaweza kufanana sana na mkwaruzo wa kale, na hutaweza tena kuvitenganisha.

## Hatua ya 2: Picha na vipimo

Piga picha sita: ncha zote mbili, na pande nne. Amua ncha ipi ni A na ipi ni B, uandike kwenye fomu alama inayozitofautisha, kwa mfano "A ina mbanjo mdogo ukingoni". Usipofanya hivi sasa, ifikapo hatua ya 6 utakuwa huna habari tundu lipi lilianza.

Pima urefu kufuata tundu, na kipenyo kikubwa zaidi cha kukata tundu. Kisha gawanya urefu kwa kipenyo. Tunafuata mpangilio wa Horace Beck wa mwaka 1928, ambao bado ndio lugha ya pamoja ya watafiti wa shanga: chini ya theluthi moja ni kisahani; kutoka theluthi hadi 0.9 ni fupi, 0.9 hadi 1.1 ni ya wastani. Zaidi ya hapo ni ndefu.

## Hatua ya 3: Ni jiwe gani?

Kosa la kwanza hapa ni kukwaruza. Vitabu vya jiolojia vinafundisha kupima ugumu kwa kucha, sarafu na kisu, na kwa jiwe la mtoni ni sawa kabisa. Kwa ushanga wa kale ni uharibifu. Ugumu tutausoma kwa njia za pembeni.

Anza na mwanga. Weka tochi nyuma ya ushanga. Akiki hupitisha mwanga kama ukungu, na mara nyingi utaona mistari ya tabaka au mawingu ndani yake. Kioo hupitisha mwanga vilevile, lakini kwa lenzi utaona viputo vya hewa, duara au vilivyovutika, na pengine nyuzinyuzi zilizozunguka tundu kwa sababu kioo kilizungushwa juu ya fimbo kikiwa moto. Jiwe la asili halina viputo vya duara namna hiyo.

Lazuwardi haipitishi mwanga. Ni bluu nzito yenye mabaka meupe na mara nyingi chembe zinazometa kama dhahabu, ambazo ni madini ya chuma na salfa. Feruzi ina kijani au bluu ya kufifia na uso kama nta. Jiwe la sabuni ni laini kiasi cha kukwaruzwa kwa kucha likiwa bichi, lakini mafundi wa kale waliwahi kulichoma likawa gumu kama kioo, kwa hiyo usishangae ushanga mdogo mweupe, mgumu, wenye mikwaruzo ya kisu iliyokatwa kwa urahisi mno. Ulikatwa ukiwa laini, ukachomwa baadaye.

Sasa pima uzito ndani ya maji. Kipimo hiki hufanyika kwa mawe yasiyofyonza tu: akiki, bilauri ya mwamba, yaspi, nefriti (jiwe gumu la jamii ya jade). Feruzi, jiwe la sabuni, chokaa, ushanga wenye ufa au wenye rangi ya kupakwa, usiuzamishe.

Pima ushanga hewani. Kisha uning'inize kwa uzi ndani ya maji bila kugusa kikombe, pima tena. Gawanya uzito wa hewani kwa tofauti ya vipimo viwili, upate uzito wa ujazo. Mfano: gramu 3.42 hewani, gramu 2.11 majini, tofauti 1.31. Jibu ni 2.61, na hiyo ni akiki barabara, kwani mawe ya jamii hii hucheza karibu na 2.6. Kioo cha kawaida kiko karibu na 2.5, chenye risasi kiko juu zaidi.

Onyo ambalo wengi hulipuuza: kiputo cha hewa hujificha ndani ya tundu. Chukua ushanga ule ule wa gramu 3.42. Kiputo cha mililita 0.05 tu, ukubwa wa tone, kitafanya mizani isome 2.06 majini, na jibu lako liwe 2.51. Umekwisha kuigeuza akiki kuwa kioo. Kwa hiyo zamisha ushanga umelala kiubavu, uinamishe mpaka kiputo kitoke, na urudie kipimo mara tatu. Majibu matatu yakikaribiana, hatua imefaulu. Yakiyumba, bado kuna hewa. Na kwa ushanga ulio chini ya gramu 1, mizani ya 0.01 haitoshi, tegemea macho na mwanga.

## Hatua ya 4: Tazama tundu kabla ya kuchukua chapa

Laza ushanga kwenye sponji, ncha A juu, mwanga uingie kwa mshazari. Kwenye fomu jibu maswali manne kwa michoro, si kwa maneno peke yake.

Tundu ni pana mdomoni na jembamba ndani, au ni la upana mmoja? Kuta zinang'aa au zimefifia kama kioo kilichosuguliwa kwa mchanga? Kuna pete za mviringo, na kama zipo, zimepangwa sawasawa au ovyo? Kingo za mdomo ni kali au zimelainika?

Geuza, fanya hivyo hivyo kwa ncha B. Fundi wa kale alitoboa kutoka pande zote mbili, na sababu yake ni ya kiufundi: kifaa kinapokaribia kutokea upande wa pili, jiwe lililobaki ni jembamba na hubanduka kipande kama kijisahani. Wakikutana katikati, ajali hiyo haitokei. Ndiyo maana katika matundu mengi ya zamani kuna mahali pa makutano, na mara nyingi pana ngazi ndogo, kwa sababu mkono haukulenga sawasawa.

Ukiona tundu lililonyooka toka ncha moja hadi nyingine bila makutano, na ncha ya kutokea imebanduka, shuku. Huenda ni kazi ya mashine ya karibuni, au ni ushanga wa kale uliopanuliwa tundu juzi.

## Hatua ya 5: Kuchukua chapa ya silikoni

Watu wengi hukwama hapa, kwa hiyo nitakwenda polepole. Wazo la kuchukua chapa ya tundu kwa silikoni na kuisoma kwa darubini ya elektroni lilienezwa na Leonard Gorelick na A. John Gwinnett, watu wa fani ya meno, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Sisi tutaisoma kwa darubini ya kawaida, na kwa maswali yetu mengi inatosha.

Kwanza hakikisha mambo matatu. Jiwe halifyonzi, kwa sababu silikoni huacha mafuta yanayotia doa la kudumu kwenye feruzi, chokaa na jiwe la sabuni. Hakuna ufa unaofika kwenye tundu. Tundu lina upana wa zaidi ya milimita 1. Moja likikosekana, ishia kwenye darubini.

1. Pitisha uzi mwembamba wa pamba ndani ya tundu, uache sentimita 3 kila upande. Huu ndio uti wa mgongo wa chapa.
2. Simamisha ushanga, ncha B chini, juu ya kipande cha plastiki.
3. Sukuma silikoni kutoka ncha A polepole mpaka uione ikichungulia B. Ukiharakisha utafungia hewa, na chapa itatoka na mashimo.
4. Acha kifuniko kidogo cha silikoni kwenye ncha A tu. Upande wa B futa ziada mara moja. Ukiacha vifuniko pande zote mbili, chapa itakuwa kama kifungo: haitoki bila kukatwa.
5. Weka tone la silikoni ile ile kwenye kadi pembeni. Tone likiwa halishiki tena kidole na linarudi likibonyezwa, ongeza dakika tano nyingine.
6. Kata kona ya kifuniko cha A ili uitambue baadaye. Vuta kwa kuzungusha kidogo, mvuto mmoja usiokatika.

Dakika tano za ziada katika namba 5 nimezilipia. Nilivuta mapema, kwenye ushanga wa bilauri ya mwamba wenye tundu lililobana katikati kama kiuno cha nyigu. Uzi ulitoka, nusu ya silikoni ikabaki ndani. Mhifadhi alifanya kazi siku mbili kuitoa kwa vijiti, na mimi nilikaa pembeni nikishika taa. Tundu lenye kiuno chembamba sana lichukulie chapa kila upande peke yake, nusu kwa nusu.

Chapa nzuri ni laini, haina mashimo ya hewa, na ukiishika kinyume cha mwanga unaona pete au mikwaruzo kwa lenzi ya mkononi.

## Hatua ya 6: Kuisoma chapa

Kumbuka kwamba chapa ni kinyume cha tundu. Palipo na mtaro ndani ya jiwe, kwenye silikoni kuna tuta.

Koni mbili zinazokutana kwa ncha zao, uso wenye vidonda vidonda. Tundu liligongwa, halikupekechwa. Mtu alitumia ncha kali na nyundo ndogo, akidonoa kidogo kidogo kutoka pande zote. Njia hii inafaa kwa shanga fupi tu.

Koni mbili zenye pete zisizolingana. Hii ni kekee yenye ncha ya gumegume au yaspi. Ncha za namna hiyo zina ugumu karibu sawa na akiki yenyewe, ndiyo maana zinaliwa zikiendelea kutoboa: mdomo wa tundu unakuwa mpana, ndani panabana. Kwenye lazuwardi, ambayo ni laini zaidi, kazi huenda vizuri. Shahr-i Sokhta, mashariki mwa Iran, zimechimbuliwa karakana za lazuwardi zenye ncha za gumegume kwa wingi.

Mcheduara, yaani umbo la bomba, wenye ngazi, kuta zinazong'aa. Tulia hapa. Ernest Mackay alipochimba Chanhudaro, bonde la Indus, mwaka 1935 na 1936, alipata karakana ya shanga pamoja na ncha za jiwe zilizochongwa kwa namna ya pekee: kichwa kipana kidogo, kiuno kilichobana nyuma yake. Jiwe la ncha hizo likaja kuitwa ernestaiti kwa heshima yake. Kiuno hicho kinaacha nafasi ya unga na maji kupita, na kichwa kinakata bila kukwama. Mwanaakiolojia Jonathan Mark Kenoyer alilijaribu kwa upinde na akapata mwendo wa takriban milimita 2.5 kwa saa kwenye akiki. Fanya hesabu: ushanga wa sentimita 6 unakula saa 24 za kupekecha mfululizo, mbali na kuchonga, kusugua na kung'arisha. Zipo shanga za Indus zenye urefu unaozidi sentimita 10. Ngazi unazoziona kwenye chapa ni mahali fundi alipobadilisha ncha iliyochakaa akaweka nyembamba zaidi.

Mcheduara wenye kuta zilizofifia, mikwaruzo mipana isiyo na mpangilio. Fimbo ya shaba au bomba la tete, na mchanga mkali uliotiwa maji. Fimbo haikati, chembe za mchanga ndizo zinazokata. Kama ushanga uliachwa kabla ya kukamilika, chini ya tundu la fimbo kuna duara la kibakuli, na chini ya tundu la bomba kuna kidole cha jiwe kimesimama katikati. Mchoro wa ukutani kutoka kaburi la Sobekhotep huko Thebes, Misri, wa karibu mwaka 1400 KK, unaonyesha mafundi wakizungusha kekee kadhaa kwa upinde mmoja. Ukiwa na shanga nyingi za Misri zenye matundu yanayofanana, ukumbuke mchoro huo.

Mcheduara mwembamba, pete kali zilizopangwa kama nyuzi za parafujo. Ncha ya almasi. Chembe moja au mbili za almasi zimepachikwa mwishoni mwa fimbo ya chuma. Almasi hailiwi na akiki, kwa hiyo tundu halibani, na pete zinakuja sawasawa. Mbinu hii ni ya Asia ya Kusini kuanzia milenia ya kwanza KK, na mafundi wa Khambhat wameiendeleza kwa ncha yenye almasi mbili. Ni kasi mno ukilinganisha na ernestaiti, na ndiyo iliyowezesha shanga za akiki kutengenezwa kwa maelfu ya kuuzwa mbali.

Usilazimishe jibu. Zipo shanga zenye mbinu mbili, kwa mfano ncha A imedonolewa kwanza ili kekee isiteleze, kisha ikapekechwa. Zipo zilizovunjika zikatobolewa upya. Andika unachokiona kwenye kila nusu.

Umefaulu ukiweza kumwonyesha mwenzako chapa bila kumwambia ulichoandika, naye akachora umbo lile lile.

## Hatua ya 7: Uso wa nje

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa wengi hulifanya vizuri. Tafuta makovu ya kuchonga ambayo usuguaji haukuyafuta, hasa karibu na ncha. Tafuta sehemu bapa zilizosuguliwa, uzihesabu. Kwenye makaburi ya Varna, Bulgaria, ya milenia ya 5 KK, zimepatikana shanga za akiki zenye nyuso 32, 16 kila nusu, na hilo haliji kwa bahati.

Kama kuna michoro myeupe kwenye akiki nyekundu, igeuze kwenye mwanga. Weupe ulioingia ndani ya jiwe ulitiwa kwa magadi na moto. Weupe unaokaa juu kama rangi ni kitu kingine. Kisha angalia mpaka wa mng'ao na mdomo wa tundu: mng'ao ukizunguka hadi ndani ya ukingo, ushanga uling'arishwa baada ya kutobolewa. Ukingo wa tundu ukikata mng'ao, utoboaji ulikuwa wa mwisho, au ni wa baadaye.

## Hatua ya 8: Alama za kuvaliwa

Kamba hula jiwe. Inachukua miaka, lakini hula. Ushanga uliotungwa ukavaliwa una ukingo wa tundu uliolainika, na ukiwa ulining'inia peke yake, ulaini huo unakuwa upande mmoja zaidi. Shanga zilizopangwa pamoja husagana kwenye ncha mpaka zikapata nyuso bapa zinazong'aa.

Kwa nini ujali? Kwa sababu umri wa tabaka si umri wa ushanga. Mapambo ya mawe hurithiwa. Ushanga wenye kingo zilizolainika sana, ndani ya kaburi la kipindi fulani, huenda ulitengenezwa vizazi vingi kabla. Wenye kingo kali unakuwa karibu zaidi na siku ulipotoka karakanani. Andika ulaini kwa daraja tatu tu: haupo, upo, umezidi. Daraja kumi hakuna watu wawili watakaokubaliana.

## Hatua ya 9: Rudi kwenye takataka

Ushanga mzima haukuambii ulitengenezwa wapi. Takataka zinakuambia.

Omba daftari la machimbo na mifuko ya mabaki ya ungo ya mahali ushanga ulipotoka. Unatafuta vibanzi vya jiwe lile lile, shanga zilizochongwa zisitobolewe, zilizopasuka zikitobolewa, mawe ya kusugulia yenye mitaro, na ncha za kekee. Ncha hizo zina upana wa milimita chache. Kama udongo ulipitishwa kwenye ungo mpana na mkavu, zilianguka chini na hakuna aliyeziona. Kwa hiyo andika ukubwa wa matundu ya ungo kwenye fomu. "Hakuna takataka" kwa ungo wa milimita 10 haina maana yoyote.

Kibanzi kimoja hakifanyi karakana. Ukipata hatua zote, kuanzia gamba la jiwe ghafi hadi ushanga uliopasuka katikati ya tundu, hapo sema kwa sauti kwamba palikuwa na mafundi.

## Hatua ya 10: Jiwe lilitoka wapi, na nani aliliuza?

Sasa tumefika kwenye nafasi ile iliyojazwa "India". Igawe mara tatu. Jiwe lilichimbwa wapi? Ushanga ulitengenezwa wapi? Ulifikaje hapa? Majibu yanaweza kuwa ya nchi tatu tofauti.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Khao Sam Kaeo, kwenye rasi ya Thailand. Kuanzia karne ya 4 KK shanga za akiki zilitengenezwa pale pale, kwa mbinu za hali ya juu za Kihindi, kama kazi za Bérénice Bellina zilivyoonyesha kwa kufuata takataka za karakana. Mtu angetazama umbo na tundu tu, angesema bidhaa ililetwa kutoka India ikiwa tayari. Kumbe waliosafiri ni ufundi na watu wake.

Mfano wa pili ni nefriti ya kijani ya Fengtian, mashariki mwa Taiwan. Kwa kupima chembe ndogo za madini zilizomo ndani ya jiwe, watafiti waliitambua kwenye mapambo ya Ufilipino, Vietnam, Kambodia na Thailand, eneo la kama kilomita 3,000. Lakini sehemu ya mapambo hayo ilichongwa nje ya Taiwan. Jiwe lilisafiri, kazi ikafanyika kwingine.

Lazuwardi ya makaburi ya kifalme ya Ur, mji wa kale katika Iraq ya leo, yaliyochimbwa na Leonard Woolley, inahusishwa na milima ya Badakhshan, Afghanistan. Kwenye makaburi hayo hayo kuna shanga ndefu za akiki zenye sura ya Indus. Na Kilwa, pwani ya Afrika Mashariki, akiki nyekundu pia ipo. Gujarat ndiyo inayotajwa kwanza, na inaweza kuwa kweli. Ila iandikwe kwa ushahidi wa tundu na wa kemia, isiandikwe kwa sababu ni nyekundu.

Kemia yenyewe hufanywa maabara. Mashine ya leza huchoma vishimo visivyoonekana kwa macho, mvuke wake ukapimwa elementi zilizomo kwa kiasi kidogo mno. Alison Carter na Laure Dussubieux wametumia njia hiyo kwa shanga za akiki za Kambodia na Thailand. Kabla ya kupeleka, uliza kama maabara ina sampuli za mawe kutoka migodi unayoishuku. Bila sampuli za kulinganisha, utarudishiwa safu ya namba tu.

## Fomu iliyojazwa vizuri

Hii ndiyo sura ninayoitafuta. Ni mfano wa kufundishia:

"Ushanga 14. Urefu mm 12.1, kipenyo mm 14.6, uwiano 0.83: fupi, duara. Gramu 3.42, uzito wa ujazo 2.61, 2.60, 2.61. Hupitisha mwanga, mawingu ndani, hakuna viputo: akiki. Rangi nyekundu, sawasawa. Huenda imepashwa moto.

Tundu: pande mbili, makutano mm 7.4 kutoka A, ngazi ya mm 0.3. Mcheduara, upana mm 1.9, pete kali za nafasi sawa pande zote: ncha ya almasi. Mng'ao unaingia ukingoni: uling'arishwa baada ya kutobolewa. Uchakavu wa kamba: upo, A zaidi ya B.

Mahali pa kutengenezwa: hakuna vibanzi vya akiki kwenye mabaki ya ungo wa mm 2, mifuko yote 9 imetazamwa. Chanzo cha jiwe: hakijapimwa. Njia ya kufika: subiri vipimo."